Mume wangu anataka nitie saini fomu ya kodi iliyojaa sifuri

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga. Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto wetu wawili. Tulikuja mwaka 2019 kwa bahati nasibu ya viza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kodi yangu inakatwa kabla hata sijaiona. Mume wangu ni dereva wa malori. Mwaka 2022 aliacha kuendesha lori la kampuni, akachukua mkopo akanunua la kwake. Shida yetu inaanzia hapo.

Mwaka ule wa kwanza tulifaili kodi, yaani tulipeleka fomu ya kodi, kwa pamoja, mke na mume. Likatoka deni la dola 11,400. Hakuwa ameweka chochote pembeni, wala hatukujua kwamba ilipaswa. Tuliilipa kwa kutoa pesa zote tulizokuwa tunadunduliza za kiwanja cha Pongwe. Hakusema neno siku ile, lakini niliona kabisa kwamba jambo limemwingia.

Miezi michache baadaye dereva mwenzake akamwingiza kwenye kundi la simu ambalo Mmarekani mmoja hufundisha kila Jumapili usiku. Mume wangu amemlipa dola 2,500 za masomo. Mwalimu anasema kodi ya mapato haimhusu mtu wa kawaida. Eti Marekebisho ya 16 ya Katiba, yaliyoruhusu kodi ya mapato, hayakupitishwa sawasawa, tena Ohio haikuwa jimbo halali mpaka 1953. Eti ujira si mapato, ni kubadilishana jasho kwa pesa. Kuna kifungu namba 861 cha sheria ya kodi ambacho serikali inakificha. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wenyewe wanakiri kodi ni hiari. Jina lako likiandikwa kwa herufi kubwa tupu, huyo si wewe, ni kampuni iliyofunguliwa kwa cheti chako cha kuzaliwa. Na kuna rubani mmoja mwanamke aliwashinda mahakamani.

Kodi ya mwaka 2023 hatukufaili. Ya 2024 vilevile. IRS wameshaleta barua tatu. Ya kwanza aliirudisha, ameiandika maneno kwa wino mwekundu na kuweka alama ya dole gumba. Mbili nimezikuta chini ya mfuko wa mchele, hazijafunguliwa.

Wiki iliyopita aliniwekea fomu mbili mezani, za 2023 na 2024. Kila mstari sifuri. Hata mstari wa mshahara wangu ni sifuri, na W-2 yangu, karatasi ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, inaonyesha dola 34,000. Nyuma yake kuna kurasa kumi na moja za maelezo. Pale pa saini yangu amebandika kikaratasi cha njano chenye mshale. Anasema tukituma hivi, na mimi nitarudishiwa kila senti niliyokatwa.

Sijatia saini. Ni siku ya tatu hatusemezani. Anasema namwona mjinga, nawaamini wageni kuliko mume wangu. Na mwaka huu tumekusudia kuomba uraia. Mjomba, mume wangu si mwizi. Halali analijua. Nifanye nini? Na katika hayo yote anayofundishwa, hakuna hata moja la kweli?

Mama wa wawili, Columbus

*

Marahaba, mwanangu.

Usitie saini. Nalitanguliza hilo ili hata ukiishia hapa uwe umelipata. Mkifaili kwa pamoja na ukatia saini, deni lote la fomu ile ni lako na ni lake, na si nusu kwa nusu. IRS wakimkosa yeye, mshahara wako ndio ulio karibu. Fomu yenyewe ikihesabiwa kuwa ya upuuzi, na sheria imetaja hasa aina hii ya hoja, kuna faini ya dola 5,000 kwa kila fomu. Hata ukishalipa, kodi yenyewe iko palepale, na adhabu na riba juu yake. Wewe una fomu mbili mezani. Tena mstari wa mshahara wako unajua kwa macho yako kwamba ni uongo. Ile saini inawekwa chini ya maneno yanayosema unathibitisha, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba yaliyoandikwa ni kweli.

Sasa tumzungumze mumeo, maana naye namhurumia. Nimeendesha lori miaka mingi kabla mgongo haujakataa, na tangu hapo kila masika nakaa na madereva wetu kujaza fomu. Hiyo dola 11,400 naijua. Ukiwa dereva wa kampuni, mwajiri anakukata kodi kidogokidogo na nusu ya mchango wa Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee) anaulipa yeye. Siku unaponunua lori lako, nusu zote mbili ni zako, asilimia 15.3, na hakuna anayekukata. Unatakiwa upeleke mwenyewe mara nne kwa mwaka: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Anayekuuzia lori hakwambii. Anayekupa mizigo hakwambii. Inakuja fomu ya 1099, inayoonyesha pesa ulizolipwa bila kukatwa kodi, na bili moja inayomeza kiwanja cha Pongwe. Mtu aliyepigwa hivyo yuko tayari kumsikiliza yeyote atakayemwambia kwamba alionewa. Kwa hiyo usianze kwa kumwambia kadanganywa. Anza kwa kumwambia kwamba lile deni liliwaumiza wote wawili na kwamba kweli hakuna aliyewaelekeza.

Umeniuliza kama hakuna hata moja la kweli. Yapo yenye punje ya ukweli, na ndiyo maana yanauzika.

Chukua la Ohio, kwa kuwa mnaishi hapohapo. Ni kweli kwamba mwaka 1803 Bunge la Marekani liliikubali katiba ya Ohio bila kupitisha azimio rasmi la kuipokea kama jimbo. Mwaka 1953, Ohio ikijiandaa kutimiza miaka 150, jambo hilo likaonekana, Bunge likapitisha azimio na Rais Eisenhower akalitia saini, likihesabiwa tangu Machi 1, 1803. Watu wakaokota hilo na kusema: basi mwaka 1913, Marekebisho ya 16 yalipopitishwa, Ohio haikuwa jimbo, na kodi ya mapato ni batili. Mahakama zililisikia hilo miaka ya 1970 na kulitupa. Lakini fanya hesabu tu. Wakati ule majimbo yalikuwa 48, yalihitajika 36, na mwishowe yaliyokubali yalifika 42. Iondoe Ohio uone kama kuna kilichopungua.

La hiari nalo lina asili yake. Katika kesi ya Flora mwaka 1960, Mahakama ya Juu ya Marekani iliandika kwamba mfumo wa kodi unategemea watu kujikadiria na kulipa kwa hiari badala ya kukamatiwa mali. Maana yake ni kwamba wewe ndiye unayejaza mwanzo, serikali haiji kukukadiria mlangoni. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hili halipaswi kutupa taabu, kwa sababu hata nyumbani mfanyabiashara anajikadiria mwenyewe, na hakuna aliyewahi kudhani kujikadiria ni ruhusa ya kutolipa. Huyo Flora mwenyewe alishindwa. Mahakama ilimwambia alipe deni lote kwanza ndipo adai kurudishiwa.

Kifungu cha 861 hakijafichwa. Kipo kwenye sheria iliyochapishwa, mtu yeyote anaweza kukisoma. Kinapanga mapato yapi yahesabiwe kuwa yametoka ndani ya Marekani na yapi yametoka nje, jambo linalowahusu hasa wageni wasio wakazi na kampuni za nje. Na miongoni mwa yale kinayoyataja kuwa ya ndani ni malipo ya kazi iliyofanyika ndani ya Marekani. Mumeo anabeba mzigo kutoka Ohio kwenda Georgia. Kifungu kinachosemwa kinamwokoa kinamtaja.

Muulize mumeo kama anamkumbuka Wesley Snipes, yule mwigizaji wa kanda tulizokuwa tunaangalia kwenye vibanda vya video. Alifuata nadharia hiihii ya 861. Aliandika kudai arudishiwe zaidi ya dola milioni 7 alizokwisha lipa kwa mwaka 1997, na akaacha kufaili kabisa. Mwaka 2008, huko Ocala, Florida, baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, lilimfutia mashtaka makubwa, kwa kuwa alikuwa na mawakili wa kutosha, lakini likamtia hatiani kwa makosa matatu ya kutofaili, ya mwaka 1999, 2000 na 2001. Makosa hayo ni yale madogo kisheria. Hakimu akampa mwaka mmoja kwa kila kosa. Aliingia gerezani Desemba 2010 akatoka Aprili 2013. Na aliyemfundisha, Eddie Ray Kahn, alipewa miaka 10.

Ujira si mapato? Kifungu cha 61 cha sheria hiyohiyo kinapotaja mapato ni nini, cha kwanza kabisa kwenye orodha ni malipo ya huduma mtu aliyoitoa. Herufi kubwa? Mume wako kama amezaliwa Tanga kama wewe, cheti chake kimetolewa Tanzania. Hazina ya Marekani iliingiaje pale kumfungulia kampuni? Hayo mawili sitayatolea maelezo marefu, na si mimi wa kwanza. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ilipofikishiwa kesi ya mtu aitwaye Crain, ilisema haioni haja ya kuzijibu hoja za namna hii kwa hoja nzito na rundo la kesi, kwa sababu kufanya hivyo kungeonyesha kana kwamba zina uzito.

Rubani mwanamke yupo kweli, wala mwalimu hakumzua. Ni Vernice Kuglin, alikuwa akirusha ndege za FedEx, na mwaka 2003 huko Memphis alifutiwa mashtaka ya jinai. Alichoshinda ni kwamba wazee wa baraza hawakuridhika kuwa alikusudia kuvunja sheria. Hakushinda kwamba hadaiwi. Kodi yenyewe alikuja kukubali kuilipa. Kuna rubani mwingine ambaye masomoni huwa wanamtaja nusu tu, John Cheek wa American Airlines. Aliandika kazini kwamba ana misamaha 60 ili asikatwe kodi. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi mdogo: mtu akiamini kwa moyo safi kwamba sheria haimtaki alipe, hata kama imani hiyo haina akili, hajakusudia kosa. Hapo ndipo wanapoishia kusimulia. Kilichofuata ni kwamba kesi ilisikilizwa upya, akatiwa hatiani, akafungwa mwaka mmoja na siku moja. Na mumeo kinga hiyo tayari ameipunguza mwenyewe. Kodi ya mwaka 2022 aliifaili, akajua anadaiwa, akalipa. Mtu aliyeshika barua ya IRS na kuirudisha na wino mwekundu atawaambiaje hakujua?

Lakini hayo yote, mwanangu, si ndiyo yanayonikosesha usingizi juu ya barua yako. Linaloniogopesha ni kwamba mwalimu ni mzaliwa wa Marekani na mumeo ana kadi ya kijani.

Huyo mwalimu akishindwa kesi, atalipa faini, labda atafungwa, kisha atarudi nyumbani kwake. Irwin Schiff, aliyewafundisha Wamarekani wengi hii fomu ya sifuri, alifungwa zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho alihukumiwa mwaka 2006 akiwa na miaka 78, akapewa zaidi ya miaka 12, akafa kifungoni mwaka 2015. Ni mwisho mbaya, lakini alikufa akiwa Mmarekani katika nchi yake. Mhamiaji ana mlango mwingine nyuma yake, na mlango huo uko wazi muda wote.

Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mke na mume kutoka Japani, akina Kawashima, wakazi wa kudumu tangu 1984. Mume alikiri kutia saini fomu ya kodi ya uongo, mke alikiri kusaidia kuiandaa. Hasara ya serikali ilizidi dola 10,000. Mahakama ikasema hilo linatosha kuwa kosa la kumfukuzisha mtu nchini. Rudia kusoma sentensi hiyo: mume kwa kutia saini, na mke kwa kusaidia. Ndiyo maana nimekwambia kile kikaratasi cha njano ukiache hapo kilipo.

Na hata bila kesi. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama una kodi ya nyuma unayodaiwa, na kama tangu upate ukazi uliwahi kujiita si mkazi kwenye fomu ya kodi au kuacha kufaili kwa kujiona si mkazi. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Katika zile kurasa kumi na moja, angalia kama kuna mahali ameandika kwamba yeye ni mgeni asiye mkazi wa Marekani. Ni maneno yanayopatikana sana kwenye masomo haya. Mwalimu akiyaandika, ni porojo tu. Mwenye kadi ya kijani akiyaandika, uhamiaji wana haki ya kudhani kwamba ameuachia ukazi wake mwenyewe, na kazi ya kuthibitisha kinyume inakuwa yake. Kwa dola 2,500 amefundishwa kuandika kwa mkono wake kwamba haishi hapa.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba hizo sifuri hata hazimpunguzii deni. Zinalikuza. IRS wana nakala ya 1099 yake. Asipofaili, wanaweza kumjazia wao, na wakijaza wanatumia kile walichonacho, yaani pesa zote zilizoingia, bila dizeli wala matairi. Hukunitajia pesa zake, basi nachukua dereva wa kupigia mfano. Mwaka 2023 alipokea dola 186,000. Dizeli 61,000. Bima 16,000. Matengenezo na matairi 19,000. Uchakavu wa lori 28,000. Zimebaki 62,000. Kisha kuna posho ya chakula ya dereva anayelala njiani, mwaka ule dola 69 kwa siku, na asilimia 80 yake inaondolewa kwenye mapato. Kwa siku 240 za barabarani hiyo ni dola 13,248 nyingine, wala hatakiwi risiti za chakula, ila kumbukumbu za siku alizokuwa njiani, na hizo zimo kwenye logi yake. Anabaki na dola 48,752 za kuhesabiwa. Kodi ya kujiajiri peke yake hapo ni kama dola 6,900. IRS wakimjazia kwa zile 186,000, kodi hiyohiyo inakuwa karibu dola 24,800, na kodi ya mapato yenyewe hatujaigusa. Ongeza adhabu ya kutofaili, asilimia 5 ya deni kila mwezi mpaka ifike asilimia 25. Na asiyefaili hafikiwi na ukomo wa muda. Mwaka huo unabaki wazi mpaka siku atakapofaili.

Kuna hasara nyingine isiyoletewa barua. Mapato ya mtu aliyejiajiri yanaingia kwenye hesabu yake ya Social Security kwa sababu ameyaandika na kuyalipia. Kwa mwaka 2023 ana mpaka Aprili 15, 2027. Ikipita hapo, mwaka mzima wa kulala kwenye lori hautahesabika kwenye pensheni yake. Dereva wa kilomita zote zile anafika uzeeni karatasi zinasema alikuwa amekaa.

Sasa la kufanya.

Wewe faili yako peke yako, za 2023 na 2024, kwa hadhi ya mwenye ndoa anayefaili mbali na mwenzake. Usimsubiri. Na wewe pia umechelewa, ingawa kwa kuwa mshahara wako wote umekatwa kodi huenda huna adhabu, pengine utarudishiwa kiasi. Za 2023 unaweza kuzidai mpaka Aprili 15, 2027, baada ya hapo zimepotea. Kufaili mbali kuna nafuu utakazozikosa, hilo ulijue. Ila sheria ina mlango mmoja mzuri hapa: ukifaili mbali, ndani ya miaka mitatu tangu tarehe ya mwisho ya kufaili mnaweza kurekebisha mkawa pamoja. Mkishafaili pamoja na tarehe ya mwisho ikapita, hakuna kurudi kuwa mbali. Kwa hiyo si kumtenga mumeo. Unamwachia mlango. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo. Usisahau na jimbo, na jiji la Columbus lenye asilimia 2.5 yake. Nako mna miaka hiyohiyo miwili.

Tafuta mtu wa kukujazia mwenye namba ya IRS. Ziko pia kliniki za walipa kodi wa kipato cha chini zinazosaidia bure au kwa pesa ndogo, na kama kipato chenu kinawaruhusu, anzia huko. Na kabla ya kupeleka ombi la uraia, wewe au yeye, kaeni na wakili wa uhamiaji mkiwa na fomu za kodi mkononi. Mtu mwenye deni lakini amefaili kila mwaka na ana mpango wa malipo anaoulipa, ana cha kuonyesha siku ya mahojiano. Mwenye sifuri hana.

Kwa upande wa mumeo, usibishane naye kifungu kwa kifungu. Mwalimu ana vifungu vingi kuliko wewe, na kila ukijibu kimoja Jumapili watampa kingine. Mwombe kitu kimoja tu. Chini kabisa ya fomu ya 1040, hiyo fomu kuu ya kodi, kuna mahali pa mtayarishaji anayelipwa. Sheria inamtaka atie saini hapo na aandike namba yake ya PTIN, namba ya utayarishaji anayopewa na IRS. Itazame ile fomu iliyo mezani, naamini utakuta pale pametupu. Mwambie mumeo: mwalimu wetu amechukua dola 2,500, fomu hii ameiandaa au ameielekeza yeye, basi atie saini yake chini ya yetu. Akikubali, nionyeshe. Mpe wiki. Usiseme zaidi ya hapo, wala usimkebehi jibu litakapokuja. Mtu mzima akishindwa mbele ya mkewe anahitaji nafasi ya kugeuka bila kutazamwa.

Akianza kugeuka, mpe habari njema, maana ipo. Mpaka leo hajatuma zile sifuri. Amechelewa tu, na kuchelewa kuna dawa: anafaili za kweli, na gharama zote za lori ndani yake, anaomba kulipa kwa awamu. Deni lisilozidi dola 50,000 linaweza kupangiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka kadhaa. Na kama baada ya yote anaona wamemkadiria vibaya, kupinga ni haki yake kabisa. Ipo Mahakama ya Kodi ambayo unafungua kesi kabla ya kulipa, na watu hushinda humo wakiwa na risiti na logi. Wanaokwenda na Ohio ya 1953 wanaweza kutozwa mpaka dola 25,000 kwa kupoteza muda wa mahakama.

Jambo la mwisho ni zile barua mbili, na hili lifanye leo hii kabla hujapika. Zitoe chini ya mchele, uzifungue kama zina jina lako, na kama zina jina lake peke yake mwombe mzifungue pamoja. Angalieni tarehe iliyochapwa juu. Kama mojawapo ni ilani ya upungufu wa kodi (Notice of Deficiency), mna siku 90 kuanzia tarehe hiyo kwenda Mahakama ya Kodi, na wino mwekundu hausimamishi hata siku moja kati ya hizo. Ukiiona barua ya namna hiyo, usisubiri uniandikie tena. Kesho asubuhi uwe mlangoni kwa wakili wa kodi ukiwa nayo mkononi.

Mjomba